Tembo Halingoji Kesho

Freza iliyo nyuma ya nyumba yetu Mnarani ni ile aina ndefu ya kulala, ya mfuniko wa juu, anayoijua kila muuza samaki wa Kilifi. Ilianza maisha jikoni mwa hoteli moja ya ufuoni, hoteli ikafunga, ikapita kwa mama mmoja wa samaki, na mwaka jana ikanifikia mimi kwa bei ya kutupa kwa kuwa mfuniko wake ulikuwa haukai sawasawa. Leo ina kola ya mbao shingoni, mfereji mmoja wa chuma kisichoshika kutu, na tumboni mwake mtungi wa bia. Wasee wakija kutoka Nairobi wikendi wanaipiga picha hata kabla ya kutua mabegi. Mjomba wangu, ambaye amekuwa mgema tangu kabla sijazaliwa, aliizunguka mara mbili, akaweka kiganja juu ya mfuniko, akauliza: "Sasa hii bia mwaiwekea nini? Si muinywe tu iishe?"

Tulicheka. Lakini ukilifikiria vizuri, swali lile ni la historia. Kuna vinywaji vinavyoweza kungoja na kuna visivyoweza, na hata vikiuzwa katika kijiji kimoja, mita mia mbili kutoka kimoja hadi kingine, vimepitia maisha tofauti kabisa. Kimoja kina kiwanda, mawakili na bango barabarani. Kingine kina mangwe, yaani kile kibanda cha makuti unakokaa kwenye gogo, na mlangoni kuna mtoto wa kuangalia kama askari wanakuja.

Nianze na freza, maana kila anayeiona anataka kujua ilivyoundwa.

Freza imetengenezwa kugandisha, nyuzi 18 chini ya sifuri. Bia ikifikishwa huko inakuwa jiwe, na mtungi waweza kupasuka. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuidanganya. Fundi wetu wa friji, kijana wa hapa hapa, alileta kidhibiti cha joto, kijisanduku cha plastiki chenye tarakimu nyekundu kinachokaa kati ya plagi ya freza na soketi ya ukutani. Kina waya mwembamba ambao ncha yake inaingia ndani na kupima. Joto likipanda kupita nyuzi 4, kinaruhusu stima. Likishuka hadi 2, kinakata. Kompresa yenyewe haijui lolote, inadhani stima zimepotea kama kawaida. Ile ncha ya kupimia tuliitumbukiza kwenye chupa ya maji, kwa sababu hewa ya freza hupanda joto kila ukifunua mfuniko, na kompresa inayowaka na kuzima kila dakika mbili haitafika Krismasi.

Kazi ya pili ni kujua pa kutoboa, na hapa ndipo wengi huua freza zao. Freza nyingi za kulala zina mabomba ya kupozea yaliyofichwa ndani ya kuta. Drili ikipita ubavuni, unasikia mluzi mmoja mrefu, na kuanzia siku hiyo una kabati la nguo. Ndiyo maana ya kola. Unang'oa mfuniko, unaunda fremu ya mbao ya kimo cha shubiri moja, unaiweka juu ya mdomo wa freza, kisha unafunga mfuniko juu ya fremu hiyo. Mfereji unapita kwenye mbao, na kuta hazijaguswa. Kola yetu ni ya mbao ya mnazi. Ilitokana na mti ambao mjomba aliugema miaka mingi, mpaka shamba likauzwa na mwenye shamba mpya akaukata kwa sababu aliogopa nazi zitamwangukia gari.

Kazi ya tatu ni gesi. Bia ya mtungi haitoki kwa kumiminika, inasukumwa na kabonidayoksaidi kutoka kwenye mtungi wa pili, kupitia regulata inayoonyesha mgandamizo. Kuna kanuni ya mwaka 1803, ya Mwingereza William Henry, inayosema kwamba kadiri unavyoigandamiza gesi juu ya kimiminika ndivyo inavyoyeyuka zaidi ndani yake. Na kimiminika baridi kinameza gesi nyingi kuliko cha moto. Wewe unaijua kanuni hii tangu utotoni: soda iliyokaa juani ukiifungua inakurukia usoni. Kwa hiyo unaweka bia kwenye nyuzi 3, mgandamizo karibu na baa 0.8, na mpira wa kupitishia bia unauacha mrefu, mita mbili na nusu hivi, uzungushwe ndani ya freza. Mpira ukiwa mfupi sana bia inafika mferejini kwa kasi na unapata glasi nzima ya povu. Ukiwa nje kwenye joto la Kilifi, hali ni ile ile. Na mtungi wa gesi usiweke kwenye chumba kisichopitisha hewa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, inatanda chini kimya kimya.

Nilipouliza gesi inatoka wapi nilidhani nitaambiwa Ulaya. Kumbe sehemu kubwa ya kabonidayoksaidi ya viwandani hapa Kenya huchimbwa kutoka ardhini, kwenye visima vya Kereita, Kiambu, ukingoni mwa Bonde la Ufa, na kampuni inayoichimba, Carbacid, hisa zake zinauzwa Soko la Hisa la Nairobi. Pumzi ya volkano ndiyo inayosukuma bia juani Mnarani. Hilo lilinifurahisha kuliko bia yenyewe.

Basi hiyo ndiyo mashine: baridi, mgandamizo, na chombo kisichopitisha hewa. Ukitazama, vyote vitatu vina kazi moja, kuizuia kesho isifike.

Tumezoea kuamini kwamba bia kwa asili yake ni kitu cha kuweka. Si kweli. Zamani bia ilikuwa na haraka kama tembo. Huko Bavaria, kusini mwa Ujerumani, amri ya mwaka 1553 ilikataza kupika bia wakati wa joto. Ilibidi ipikwe kati ya mwisho wa Septemba na mwishoni mwa Aprili, kwa sababu ya kiangazi iliharibika. Waliyoipika majira ya baridi waliiweka kwenye mapango pamoja na barafu iliyokatwa ziwani. Hata neno lager, ambalo leo liko kwenye chupa kila baa ya Kenya, ni la Kijerumani na maana yake ni ghala. Bia ya kuwekwa.

Kiu ya kuweka bia ndiyo iliyosukuma uvumbuzi wa friji kwa kiasi ambacho vitabu vya shule havikuambii. Katika miaka ya 1850 James Harrison, aliyekuwa mwanahabari huko Australia, alitengeneza mashine ya kupoza na kuwauzia wapika bia wa Bendigo. Miaka ya 1870 Carl von Linde alifanya majaribio ya mashine yake kwenye kiwanda cha bia cha Spaten mjini Munich. Mwaka 1876 Louis Pasteur akachapisha kitabu kizima kuhusu bia, akieleza vijidudu gani vinaichachusha na vipi vinaiharibu. Friji ya maziwa ya mtoto wako na freza ya samaki wa yule mama zilipitia kwanza kwa wapika bia. Kwa hiyo ninapochukua freza ya samaki na kuirudisha kwenye bia, sijavumbua kitu. Nimeirudisha kwao.

Ndipo ikawezekana watu kupika bia ya namna hiyo chini ya jua la ikweta. Mwaka 1922 ndugu wawili, George na Charles Hurst, walianza kiwanda Ruaraka, nje kidogo ya Nairobi. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu akiwa mawindoni, na bia ikapewa jina la Tusker, la mnyama yule mwenye pembe. Watu wa Pwani hapa huwa tunatabasamu, maana kwa Kiswahili mnyama huyo pia ni tembo, na tembo ni pombe ya mnazi. Kampuni iliweka tembo kwenye lebo bila kujua kwamba tembo mwingine alikuwa tayari sokoni, miaka mia kadhaa, bila lebo.

Bia ile haikuwa ya kila mtu. Serikali ya kikoloni iliwagawa wanywaji kwa rangi. Wazungu walikuwa na chupa. Waafrika wa Nairobi walikuwa na pombe iliyopikwa na manispaa na kuuzwa kwenye kumbi zake, na faida ikirudi kwa manispaa hiyo hiyo. Ilibidi Vita vya Pili vya Dunia viishe ndipo Mwafrika aruhusiwe kununua bia ya chupa. Miaka michache baadaye chupa ilikuwa alama ya mtu aliyefika: ukimwona mtu baani ameagiza mbili moto mbili baridi, ujue anasimulia hadithi ndefu kuhusu nani aliyekuwa hana ruhusa.

Mtungi, yaani kegi, uliingia mtaani kwa njia nyingine. Novemba 2000 pombe iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya mabanda Nairobi. Mwaka 2004 East African Breweries ikaleta Senator Keg, ya kuuzwa kwa kikombe kutoka kwenye mtungi, kwa bei ambayo mtu wa kibarua angeimudu. Ilikuwa rahisi kwa sababu serikali iliisamehe ushuru, kwa hoja kwamba maskini watakunywa kitu salama. Mwaka huo huo Barack Obama alikuwa akigombea useneta Marekani, na walevi, ambao hawakosi jina la kumpa mtu, wakaanza kuiita Obama. Mwaka 2013 serikali ilipoirudishia nusu ya ushuru mauzo yakaporomoka, na miaka miwili baadaye msamaha ukarudishwa. Hebu liangalie jambo hili kwa jicho la mgema. Kuna pombe ya bei ya chini ambayo serikali ilikaa mezani na kuihesabia ushuru wake, ikapunguza, ikapandisha, ikapunguza tena. Iliwezekana kwa sababu kila mtungi una ujazo unaojulikana, unatoka lango moja, na unaweza kusubiri mpaka karani amalize kuandika.

Tembo halisubiri karani.

Mgema hupanda asubuhi na jioni. Mkononi ana kotama, kile kisu kipana kilichopinda, na kiunoni ana kibuyu. Huko juu anatafuta karara, lile ua la mnazi lililo bado ndani ya ganda lake, analifunga lisifunguke, kisha kila siku analikata kidogo nchani, kipande chembamba kama ukucha. Utomvu unadondoka kwenye kibuyu. Ukiudaka wakati huo huo ni mtamu kama maji ya miwa, sukari zaidi ya asilimia 10. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuudaka wakati huo huo, kwa sababu kibuyu kina hamira ya jana, na hewa ina hamira yake, na kuna bakteria pia, mmoja wao anaitwa Zymomonas, ambaye hufanya kazi ya hamira kwa kasi zaidi. Mgema akifika chini, tembo tayari linachemka. Asubuhi ni tamu, la kupewa hata mgonjwa. Jioni ni kali. Kesho yake ni siki, na mama anaitia kwenye achari.

Hivyo bei ya tembo hupangwa chini ya mti. Mnunuzi ndiye anayekuja, na anakuja leo. Mimi nilikuwa nikidhani huo ni udhaifu wa biashara ya mjomba, mpaka nilipoanza kusoma historia ya hapa kwetu.

Karne ya 19, Warabai, walioko nyuma ya Mombasa, walikuwa na minazi mingi na wakawa wauzaji wakubwa wa tembo kwa majirani zao. Mwanahistoria Thomas Herlehy aliandika mwaka 1984 jinsi tembo na udugu wa kuchanjana vilivyokuwa kamba mbili za biashara ile. Inaingia akilini. Bidhaa isiyoweza kulala haiwezi kupelekwa kwa mgeni usiyemjua na kungoja malipo, lazima kuwe na mtu upande wa pili, mtu wa kuaminika, aliye tayari kuipokea siku hiyo. Ukishindwa kuwa na freza unakuwa na ndugu.

Na kwa Mijikenda tembo ni zaidi ya kiu. Linamwagwa chini kwa koma, wazee waliotangulia, na mbele ya vigango. Matanga hayaendi bila tembo. Ukitaka wazee wakae wakusikilize kesi yako, unatoa kadzama, ambayo asili yake ni chombo cha tembo. Siku hizi mara nyingi kadzama inatolewa kwa noti, hata kwa M-Pesa, na bado inaitwa kadzama. Kinywaji hakiwekeki lakini jina lake limewekeka.

Mwaka 1972 mwanaanthropolojia David Parkin alichapisha kitabu kuhusu Wagiriama wa upande wa Kaloleni, Palms, Wine, and Witnesses. Nakipenda kwa sababu kinaeleza jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu bila kulijua jina. Mnazi unaweza kuuzwa bila ardhi iliyo chini yake, na ardhi bila mnazi. Mtu akibanwa na mahari au matanga anauza miti michache. Wakajitokeza vijana werevu waliokuwa wakinunua miti hiyo, mmoja mmoja, wakitazama bei ya mbata. Hakukuwa na hati. Ushahidi ulikuwa wazee waliokuwepo siku ya kuuziana, wakanywa tembo la shughuli hiyo, na wakabaki na kumbukumbu. Kwa hiyo tajiri kijana hakuweza kuwadharau wazee. Mali yake yote ilikuwa vichwani mwao. Lakini pia hakuweza kukaa nao kila siku akinywa na kuwanywesha, maana fedha zingekwisha. Wengine, anasimulia Parkin, walipata maradhi ambayo mganga alisema ni jini la Kiislamu, na jini hilo likataka wasinywe tembo kabisa. Wakawa Waislamu kwa tiba. Kwa heshima zote, na bila mtu kukasirika, wakatoka kwenye duara.

Namsimulia mjomba habari hii, ananiambia, "Huyo ni fulani wa kule juu," akataja jina. Nami sitalitaja.

Sasa rudi kwenye sheria. Mwaka 2010 Kenya ilipata sheria mpya ya kudhibiti vileo, ambayo wengi wanaiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta. Ilifuta marufuku ya chang'aa. Watu walishangilia, halafu wakasoma masharti: itengenezwe kwa viwango, itiwe chupani, iwe na lebo. Yaani uhalali una umbo la kitu kinachoweza kukaa rafuni. Halafu Katiba ya mwaka huo huo ikazipa kaunti kazi ya leseni za vileo, na kila kaunti ya Pwani ikarithi kitendawili kile kile: utampa vipi leseni mtu ambaye kiwanda chake ni miti 11 iliyotawanyika kwenye mashamba ya watu wanne, na bidhaa yake ya saa kumi na mbili asubuhi si ile ya saa kumi na mbili jioni?

Hapo ndipo mimi na fundi tulipopata wazo. Kama tembo limebaki nyuma kwa sababu haliwekeki, na sisi tuna mashine ya kuweka, basi tuliweke.

Tulikuwa na mtungi mdogo wa lita 19, wa aina iliyotumika zamani mahotelini kwa soda ya mfereji, tuliounasa kwa muuza vyuma chakavu Mombasa. Tukauosha kwa maji ya moto, tukachukua tembo la asubuhi kutoka kwa mjomba, tukalichuja mara mbili kwa kitambaa, tukalifungia humo kwenye nyuzi 2. Gesi ya kuongeza hatukuhitaji. Tembo lina gesi yake, na hata kwenye baridi lile liliendelea kuchemka polepole, ikawa kila asubuhi tunaenda kuvuta vali ya juu kupunguza mgandamizo. Hilo ndilo jambo la kuangalia kuliko yote kama na wewe utajaribu: chombo kilichofungwa chenye hamira hai ni bomu la mwendo wa pole.

Siku ya kwanza lilikuwa tamu vile vile. Siku ya tatu lilikuwa limekauka kidogo ulimini, na kwa kweli ndiyo siku niliyolipenda zaidi. Lilitoka mferejini jeupe, na povu jembamba, baridi, na harufu ya nazi mbichi kwa mbali. Siku ya tano ulikali ulianza kutangulia utamu. Baada ya wiki lilikuwa la kupikia.

Kwa hiyo tumepata siku nne, tano. Kwenye historia ya bia siku tano si kitu. Kwenye historia ya tembo ni karibu milele.

Mjomba alionja ya siku ya tatu, akakaa nayo mdomoni. "Si bovu," akasema. "Lakini limenyamaza." Tembo lililo hai, ukiweka sikio kwenye kibuyu unalisikia likizungumza. Hili lilikuwa na baridi ya kufa ganzi. Nilitaka kubishana naye, kisha nikakumbuka kwamba mtu ambaye anasikiliza vibuyu kwa miaka 40 huenda anasikia vitu nisivyovisikia.

Mwenye mkahawa mmoja ng'ambo ya daraja alisikia habari zetu, akaja na glasi zake. Akaonja, akasema atachukua lita 40 kila wiki, yakiwa baridi, kwa bei mara tatu ya mangwe. Angeyauza kwa wageni na kipande cha limau. Fundi akanikonyeza. Mimi tayari nilikuwa nimeanza kupiga hesabu ya freza ya pili.

Mjomba alipiga hesabu yake kwa sauti. Miti yake inatoa, siku nzuri, lita 15 au pungufu. Lita 40 ni karibu siku tatu nzima za kazi yake, na mangwe ya jirani, ambako watu wanakunywa tembo lake kila jioni kwa miaka, ingekaa siku tatu kavu. Pale mangwe analipwa mkononi kabla giza halijaingia. Ng'ambo angelipwa mwisho wa wiki, baada ya mimi kulipwa, baada ya mkahawa kuuza. "Sasa hivi," akasema, "mtu akitaka tembo langu sharti aje aniamkie. Mkishaliweka humo ndani, nitakuwa mimi wa kuja kuwaamkia nyinyi."

Sina jibu zuri la sentensi hiyo. Ni ile ile biashara ya vijana wa Kaloleni kununua minazi, isipokuwa safari hii kijana hanunui mti, ananunua kesho. Mwenye freza ndiye anayeamua tembo litauzwa lini, na mwenye kuamua lini ndiye anayeamua bei. Wapika bia wa Munich walilijua hilo. Ndiyo maana wao ndio waliogharamia mashine.

Kule Sri Lanka walikwenda njia nyingine, wakalikeneka tembo la mnazi kuwa araki, kinywaji kikali kinachokaa chupani miaka, na kikawa bidhaa ya nchi nzima. Wagema bado wanapanda, wakitembea kutoka mnazi hadi mnazi juu ya kamba zilizofungwa angani. Araki inasafiri hadi ng'ambo za mbali. Mgema bado yuko juu ya kamba.

Hatukukataa moja kwa moja. Mjomba alitoa masharti mawili. La kwanza, fedha zitangulie, wiki hadi wiki. Mwenye mkahawa alikubali bila shida, jambo lililonionyesha kwamba tungeweza kudai zaidi. Sharti la pili ndilo gumu: hataahidi lita hata moja ya kila wiki kama hana uhakika wa miti. Tangu daraja la Kilifi lilipofunguliwa mwaka 1991 na kivuko kikafa, ardhi ya upande huu wa hori imekuwa ikipanda bei bila kupumzika. Miti 6 kati ya ile 11 ya mjomba iko kwenye shamba lililouzwa mwaka juzi kwa mtu anayeishi mbali, ambaye anasimamiwa na wakili. Hati ya ardhi inataja mipaka. Haitaji mnazi hata mmoja. Mjomba anasema miti ile aliinunua yeye mwenyewe kutoka kwa mwenye shamba wa kwanza, kwa fedha na kwa kadzama, na wazee walikuwepo.

Wakili, kwa adabu kabisa, ameomba risiti. Mjomba amemjibu kwamba risiti zipo, ni tatu, moja ina shida ya miguu na itahitaji pikipiki. Tumekubaliana wakutane chini ya miti yenyewe Jumamosi asubuhi. Jana jioni wakili amenipigia kuuliza kama wazee hao wanaweza kutoa ushahidi wao kwa simu, maana barabara ya Mombasa ina msongamano. Nimemwambia aje, na aje mapema, kabla tembo la asubuhi halijawa kali.